Vidole na Kiti Kirefu

Mwanamke mmoja aliingia saluni kabla sakafu haijakauka. Hakuna aliyemjua. Alikuwa na begi mgongoni na raba miguuni. Nywele zake zilikuwa zimefumuliwa na zimesimama kila upande, kama za mtu aliyeamshwa ghafla.

"Hodi wenyewe! Naona bado mnapiga deki. Nisubiri nje?"

"Ukisubiri nje utaibwa," alisema Vidole. "Pita, pita. Ruka hapo penye maji. Kaa kwangu."

Vidole lilikuwa jina la utani. Wateja walimpa zamani, kwa sababu hakuna msusi aliyekuwa na vidole vyepesi kama vyake. Jina lake halisi lilitajwa na mama yake tu, tena akikasirika.

Vidole alimdaka mgeni huyu kwa sababu moja. Kwenye benchi walikuwa wamekaa wateja wengine, na wote walikuwa wanamsubiri Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake, mtoto wa mwisho nyumbani. Alikuwa amesimama kwenye kioo cha pili, anasuka na kucheka. Mikono yake ilikuwa juu, na haikuonekana kuchoka.

"Mama Duka," Vidole alimwita mmoja wa waliokuwa kwenye benchi. "Njoo baadaye nikusuke mimi. Nikimaliza na mgeni ninakuchukua."

Mama Duka aliangalia simu yake. "Usijali, mpenzi. Sina haraka."

"Umefunga duka, watu wanagonga mlango, halafu huna haraka?"

"Mwache, Dada," Kitinda alisema kwa upole. "Nitamfikia."

Upole ule ulimuuma Vidole kuliko tusi. Mama Duka alikuwa mteja wake wa miaka. Vidole ndiye aliyemsuka siku duka linafunguliwa. Sasa mteja yule alikuwa tayari kupoteza asubuhi nzima, mradi asiguswe na mikono yake.

Mgeni alipanda kwenye kiti.

Viti vya saluni hii vilikuwa virefu, na vilikuwa fahari ya Mama, mzazi wa Vidole na Kitinda. Zamani wasusi wote wa mtaa huo walisuka wamekaa, mteja akiwa chini kwenye mkeka. Mama alikuwa wa kwanza kumpandisha mteja juu. Alimwambia fundi atengeneze viti virefu, naye akasuka amesimama. "Mteja wangu hakai chini kama mtoto anayeogeshwa," alisema. Akamfundisha Vidole kwa maneno mawili: "Kiwiko juu!" Kiwiko kikishuka, alipigwa chanuo la begani.

Vidole aliinua viwiko. Alianza mstari wa kwanza, ukatoka umenyooka. Wa pili pia. Katika mstari wa tatu, bega la kulia lilianza kuwaka. Akauma meno. Akaegemeza kiwiko kichwani kwa mgeni, taratibu, akidhani hatahisi.

"Dada yangu," mgeni alisema, "kichwa changu kimekuwa meza?"

Benchi lote lilicheka. Vidole akaondoa kiwiko, akajilazimisha kuinua mkono tena. Mkono ulipanda nusu, ukatetemeka, ukashuka wenyewe. Chanuo lilianguka sakafuni.

Mgeni hakucheka tena. Alikuwa anamtazama Vidole kupitia kioo, kwa makini sana.

"Samahani. Naomba nikuulize kitu cha ajabu. Unaweza kupiga mluzi?"

"Nimwite nani? Mbwa?"

"Jaribu tu."

Vidole alikunja midomo. Hewa ilitoka bila sauti.

"Hajawahi kuweza!" Kitinda alisema akicheka. "Hata puto hawezi kupuliza. Mama naye vilevile. Sisi nyumbani wapiga mluzi ni mimi na binti yake tu."

Benchi lilicheka tena. Hapo Vidole alishindwa kujizuia.

"Cheka! Cheka vizuri! Tangu uanze kazi humu ndani, mikono yangu imekufa. Wateja wangu wamehama mmoja mmoja. Na nani anayechanganya mafuta kila asubuhi? Si wewe? Umeweka nini mle ndani?"

Mama Duka aliacha kuangalia simu.

"Dada," Kitinda alisema polepole. "Unasema nimekuroga?"

"Mimi sijataja kuroga. Umelitaja mwenyewe."

Kitinda alivua aproni yake, akaitundika kwenye msumari. Macho yake yalijaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Saluni ya pale stendi wameniita mara nyingi. Nilikuwa nakataa kwa ajili yako. Nilisema, nikiondoka Dada atabaki na nani? Basi mwisho wa mwezi huu naondoka. Ukae na mafuta yako."

"Nenda! Nani kakufunga kamba?"

"Jamani, jamani," mgeni alisema kutoka juu ya kiti kirefu. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa na mistari mizuri. Upande wa pili ulikuwa kichaka. "Msitengane kabla kichwa changu hakijaisha. Nitarudi vipi kazini na nusu kichwa?"

"Unafanya kazi gani?" Mama Duka aliuliza.

"Nimehamishiwa hospitali kubwa juzi juzi. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Nasaidia watu ambao mikono, miguu au migongo yao ina shida." Akamgeukia Vidole. "Na nakwambia kweli, mafuta ya nywele hayafanyi hivi."

Alishuka kitini. Akachukua kioo cha mkononi, akakishika nyuma ya Vidole ili aone mgongo wake kwenye kioo kikubwa.

"Inua mkono mbele, kadiri unavyoweza. Umeona hapo?"

Vidole aliona. Alipoinua mkono, mfupa wa bega ulichomoza nyuma, ukaisukuma blauzi kama bawa la kuku.

"Haya mabega ni ya ukoo wetu," alisema. "Mama anayo. Bibi alikuwa nayo."

"Ndiyo maana nimeuliza mluzi. Bega kama hili, na midomo isiyoweza kupiga mluzi, na mama mwenye hali hiyohiyo. Sitakutajia ugonjwa kwa kukuangalia kwenye kioo. Daktari ndiye atakayepima. Lakini kwa sasa, tafadhali, usiilazimishe mikono kwa kubeba mizigo."

Vidole alishtuka. "Nani kakwambia nabeba mizigo?"

"Hakuna. Watu wa kazi wote ni hivyo. Mkono ukilegea, wanauadhibu."

Vidole alikaa kwenye benchi. Mama Duka alisogea, akampa nafasi. Kwa sauti ndogo, Vidole alisema kile ambacho hakuna aliyekijua. Kila asubuhi kabla ya kufungua, aliingia chumba cha nyuma akanyanyua dumu la maji. Alilinyanyua mpaka mikono ikatetemeka na jasho likamtoka. Alitaka nguvu zirudi. Alitaka ampite mdogo wake.

"Na zilirudi?" mtaalamu aliuliza.

"Kila wiki zilipungua."

Kitinda alisikia yote. Alivaa tena aproni, akamrudisha mtaalamu kitini, akamalizia upande uliobaki. Vidole alikaa akiangalia mikono ile ikienda na kurudi. Alijua dumu lilikuwa kosa. Hata hivyo wivu haukutoka. Ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Mama aliishi katika nyumba iliyo nyuma ya saluni. Mtaalamu aliomba kumsalimia kabla hajaondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimesikia kelele zenu mpaka huku. Nani kamroga nani?"

"Hakuna aliyerogwa, Mama. Naomba uinue mikono, kama mtu anayeweka kitu juu ya kabati."

"Mwanangu, kabati langu siku hizi liko chini." Mama aliinua mikono. Iliishia kifuani. "Basi. Hapo ndipo mwisho wa safari."

"Ndiyo maana uliacha kusuka?"

Mama aliwatazama binti zake. Uso wake haukuonyesha kitu. Mtaani watu walimwita Jiwe, kwa sababu hata kwenye picha hakuwahi kutabasamu. Walisema anaringa.

"Niliwaambia nimechoshwa na umbeya wa wateja," alisema. "Huo ulikuwa uongo. Umbeya niliupenda sana. Mikono ndiyo iligoma."

Vidole na Kitinda walitazamana, kisha wakakumbuka kuwa wamegombana.

"Na uso, Mama?" mtaalamu aliuliza. "Ukifurahi, unahisi midomo inafuata?"

Mama aligusa shavu lake.

"Marehemu baba yao alikuwa ananiuliza, mbona hunifurahii? Nami ndani nilikuwa nacheka. Nilidhani anaona."

Mtaalamu alimshika mkono. "Hukuwa unaringa, Mama. Kuna ugonjwa unaodhoofisha misuli ya uso pia. Njooni hospitali. Njooni wote watatu."

*

Kitinda alikuwa bado amenuna. Lakini ngazi za hospitali zilikuwa nyingi, na Mama alihitaji mtu wa kumshika. Akaenda.

Daktari alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya chini. Alimpima Vidole na Mama. Aliwaambia wafumbe macho kwa nguvu, wajaze hewa mashavuni, wainue mikono, watembee kwa visigino. Mwisho alichukua damu ili ipimwe. Majibu yalipelekwa mbali, yakachelewa wiki nyingi. Katika wiki hizo wale ndugu wawili walisuka katika chumba kimoja na kuongea mambo ya lazima tu. "Nipe chanuo." "Shika." Mwisho wa mwezi ukafika. Kitinda akasema ataondoka majibu yakishatoka.

Majibu yalipotoka, daktari aliwakalisha wote.

"Ni ugonjwa wa misuli," alisema. "Hasa misuli ya uso, mabega na mikono ya juu. Wakati mwingine na miguu pia. Misuli inadhoofika polepole, kwa miaka. Mara nyingi upande mmoja unalegea kuliko mwingine."

"Umetoka wapi?" Vidole aliuliza.

"Umeurithi. Ndani ya mwili kuna maagizo tunayopewa na wazazi. Yanaamua urefu wako, rangi ya macho yako, na jinsi misuli inavyojengwa. Maagizo hayo yanaitwa jeni. Katika ukoo wenu agizo moja lina kasoro. Bibi alimrithisha Mama. Mama alikurithisha wewe."

Mama aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo ni mimi niliyemuumiza."

"Hapana, Mama. Hakuna mzazi anayechagua. Kila mtoto anapotungwa, ni kama sarafu inarushwa. Ikianguka upande mmoja, anarithi. Ikianguka upande wa pili, harithi. Awe wa kike au wa kiume, wa kwanza au wa mwisho, kila mmoja anarushiwa sarafu yake."

"Unaambukiza?" Kitinda aliuliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Hauambukizi. Si kwa chanuo, si kwa kikombe, si kwa kulala kitanda kimoja. Hautokani na laana. Wala hautokani na mafuta ya nywele."

Mtaalamu alikuwa amewasimulia wenzake. Vidole aliangalia sakafu.

"Na dawa?"

"Dawa ya kuuponya bado haipo. Atakayewauzia dawa ya kuponya anawadanganya. Lakini mtu anaweza kuishi nao vizuri. Wengi wanaishi maisha marefu, wanafanya kazi na kulea watoto. Tutakuwa tunaangalia macho, masikio na jinsi mnavyopumua. Mama, unalala macho yakiwa wazi kidogo?"

"Anayaacha wazi!" Kitinda alisema. "Tukiwa wadogo tulidhani anatuchunga. Tuliogopa kuiba sukari."

"Basi niliwalea vizuri nikiwa usingizini," Mama alisema.

Daktari alicheka. "Macho ya hivyo hukauka, Mama. Nitakupa matone."

Vidole alikuwa na swali ambalo lilikuwa likimnyima raha. "Nina binti. Yuko shule ya msingi."

"Umeona shida yoyote kwake?"

"Anapiga mluzi mpaka majirani wanalalamika."

"Hiyo ni dalili njema, ingawa haimalizi swali. Mwache acheze kama wenzake. Ukiona anashindwa jambo, mlete. Akiwa mtu mzima, ataamua mwenyewe kama anataka kupimwa damu."

Vidole alishusha pumzi. Kisha akamgeukia Kitinda. "Na huyu?"

Daktari alimwomba Kitinda ainue mikono. Kitinda aliinua yote miwili mpaka juu ya kichwa, imenyooka, bila kujitahidi, kama mtu anayeanika nguo.

"Leo sioni dalili," daktari alisema. "Kuna watu ambao dalili zao huchelewa. Kipimo cha damu kipo, ukitaka."

"Leo sitaki," Kitinda alijibu. "Nitafikiri."

"Hiyo ni haki yako."

Vidole alikuwa bado anaitazama mikono ile iliyo hewani. Kwa dakika hiyo alitamani ishuke. Alitamani itetemeke, mara moja tu. Kisha akajionea haya, akatoka nje.

*

Kitinda alimkuta kwenye benchi la ukumbini.

"Unalia kwa sababu ya ugonjwa?"

"Nalia kwa sababu ya wivu," Vidole alisema. "Nimekuonea wivu mbele ya daktari. Mtu anatangaziwa ugonjwa, badala ya kuwaza ugonjwa anawaza mikono ya mdogo wake. Mimi ni mtu wa namna gani?"

Kitinda alikaa. Wagonjwa walipita, na viatu vyao vilikwaruza sakafu.

"Unajua Mama aliwahi kunipiga chanuo la begani mara ngapi?" Kitinda aliuliza.

"Hukupigwa sana."

"Ndiyo hivyo. Wewe ulipigwa kwa sababu ulifundishwa. Mimi nilipokua, alikuwa ameshaacha kazi. Alikuwa anasema, mwangalie dada yako, fanya kama dada yako. Wateja wakija walisema, huyu ni mdogo wake Vidole. Hata jina langu ni la kuzaliwa wa mwisho tu. Wewe jina lako ni la kazi yako." Akafuta pua kwa kiganja. "Mimi nilipewa mikono, Dada. Wewe ulipewa Mama. Unadhani nilikuwa sioni wivu?"

Vidole alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Nilikutukana, nikakusingizia uchawi."

"Ulinitukana."

"Mbele ya Mama Duka. Ina maana mtaa mzima umejua."

"Mpaka stendi wamejua. Waliniuliza kama nitawachanganyia mafuta na wao."

Vidole alicheka huku analia. Upande mmoja wa midomo ulipanda kuliko mwingine, kama kawaida yake.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Na stendi siendi. Lakini uniahidi kitu. Bega likianza kuwaka, uache. Usisubiri mkono udondoke. Na usiniletee zile hadithi zako, mara simu inaita, mara nakwenda kuchemsha maji. Useme ukweli mbele ya mteja, kisha uniite."

"Mteja yeyote?"

"Yeyote."

Vidole aliwaza kidogo. Ilikuwa ahadi ndogo, lakini aliona jinsi itakavyouma.

"Naahidi," alisema.

*

Wiki hiyo mtaalamu alikuja saluni na tepu ya kupimia. Alimtazama Vidole anavyosuka, akapima urefu wa kiti, akatikisa kichwa.

"Adui yako ni hiki hapa. Kiti hiki kinadai kiwiko kikae juu ya bega siku nzima. Hata mtu mwenye misuli mizima anachoka. Wewe unatumia nguvu ya wiki kwa asubuhi moja. Mteja ashuke. Wewe ukae. Kiwiko kiegemee kitu."

Mama alikuwa mlangoni. "Mteja akae chini? Turudi kwenye mkeka? Nimepigania viti hivi miaka mingi."

"Si kwenye mkeka, Mama. Kwenye kiti kifupi, chenye mto. Na Vidole akae kwenye kiti chenye mikono."

Wote walimsubiri Mama. Kiti kile kilikuwa heshima yake mtaani. Alikizunguka, akakigusa, akainua mkono wake mpaka pale unapoishia.

"Miguu yake ni mirefu mno," alisema mwishowe. "Mwiteni fundi aikate."

Fundi alikata miguu ya kiti kimoja. Cha Kitinda kilibaki kirefu. Kioo cha Vidole kilishushwa. Chanuo, vibanio na mafuta viliwekwa usawa wa kiuno, ili asinyooshe mkono juu. Mapajani aliweka mto mgumu, viwiko vikapumzika hapo. Alisuka kichwa kimoja, akapumzika, ndipo akachukua kingine. Mistari ya nyuma na ya pembeni ilikuwa yake. Utosi, ambao ulidai mikono juu, alimwachia Kitinda.

Dumu la maji lilibaki chumba cha nyuma, kwa ajili ya kupiga deki tu, na mbebaji alikuwa Kitinda. Badala ya dumu, Vidole alifundishwa kunyoosha viungo taratibu. Jioni alitembea na binti yake mpaka mwisho wa barabara na kurudi.

"Kukaa tu ni kubaya," mtaalamu alimwambia. "Na kujiua kwa mazoezi ni kubaya vilevile. Fanya kiasi cha kuweza kuongea bila kuhema. Ukiamka kesho yake na maumivu, ujue jana ulizidisha. Punguza."

Siku za mwanzo wateja walitania. "Leo tunasukwa kitoto?" Baadaye waligundua kwamba shingo haziwaumi. Mama Duka alijaribu kiti kifupi, akasinzia mpaka akakoroma. Alirudi wiki iliyofuata, akauliza kama kiti kiko wazi.

Nguvu za Vidole hazikurudi, na daktari hakumwahidi kwamba zitarudi. Lakini maumivu yalipungua. Aliweza kujichana mwenyewe asubuhi kwa kuegemeza kiwiko mezani. Chanuo halikuanguka tena.

Wivu je? Ulipungua, kisha ukarudi, kisha ukapungua. Siku nyingine Vidole alimwona Kitinda anafunga nywele za mteja juu ya kichwa, akahisi ule mwiba. Alianza kuusema waziwazi. "Leo nakuonea wivu, mwenzangu." Kitinda alijibu, "Na mimi nakuonea wewe, umekaa." Kisha kazi iliendelea.

*

Asubuhi moja gari lilisimama nje. Aliyeshuka alijulikana na kila mtu mwenye televisheni. Alikuwa mtangazaji wa habari za jioni.

"Nani kati yenu ni Vidole?" aliuliza. "Nimeambiwa mistari yake haina mfano. Leo jioni nina mahojiano makubwa. Nataka nisukwe na yeye, si mwingine."

Watu walianza kujaa mlangoni. Mama alitoka nyumbani, akaketi kwenye benchi. Kitinda alimkonyeza dada yake, akarudi nyuma.

Vidole alikaa. Aliweka mto mapajani. Kwa miaka hakuna aliyeingia saluni ile akataja jina lake hivyo, mbele ya watu. Alianza na mistari ya nyuma. Vidole vyake vilikimbia kama zamani. Mistari ilitoka myembamba na kunyooka, mmoja baada ya mwingine.

"Jamani, siumii kabisa!" mtangazaji alisema. "Leo jioni nitakutaja hewani. Nitasema, kichwa hiki chote ni cha Vidole."

Nyuma ikaisha. Pembeni kukaisha. Zilibaki nywele za mbele, zile ambazo kamera ingeziona. Zilihitaji kufungwa juu.

Utosi ulikuwa sehemu ya Kitinda, na Vidole alijua hivyo. Alijiambia, leo tu. Aliinua mkono wa kulia. Bega likaanza kuwaka.

Mkono haukuwa umetetemeka bado. Angeweza kufunga mistari kadhaa kwa kuuma meno. Labda angeimaliza yote. Hakuna aliyeona kitu. Hata Kitinda alikuwa amegeuka, anamtafutia mteja mwingine kibanio.

Vidole alishusha mkono. Aliweka chanuo juu ya mto.

"Samahani, dada," alisema, kwa sauti iliyofika mlangoni. "Nina ugonjwa wa misuli. Nimeurithi, hauambukizi, lakini mikono yangu haiwezi kukaa juu. Sehemu hii ya mbele atamalizia mdogo wangu."

Mtangazaji aligeuka. "Lakini niliambiwa wewe. Huyo mwingine anaweza?"

Kitinda alisimama, kibanio mkononi.

Vidole alimtazama mdogo wake.

"Utosi anausuka vizuri kuliko mimi," alisema. "Na hewani, ukitaja, ututaje wote wawili. Anaitwa Kitinda."

Kitinda alikuja akasimama nyuma ya kiti kifupi. Aliinua mikono, na mikono ilikaa juu. Watu walisogea karibu ili wamwone yeye. Vidole alivuta kiti chake pembeni. Bado alikuwa na wivu. Alitenga fungu la nywele, akalinyoosha vizuri, akampa mdogo wake. Kisha akatenga lingine.